Kebo ya ndani ikitoka nje ya kasha: kuunganisha seva na kasha la pili la diski

*Swali: Fundi, habari za kazi. Nina studio ndogo ya video hapa Sinza, tunarekodi harusi, sendofu na vikao vya kampuni. Seva yetu ni kasha la kawaida la kusimama lenye diski nane za SATA, na limejaa. Nimepata kasha la pili, mtumba, lenye nafasi kumi na mbili. Nataka likae kando ya la kwanza libebe diski tu, kompyuta ibaki ileile moja. Fundi wangu anasema tununue kebo za kawaida za ndani tuzipenyeze kwenye uwazi wa nyuma, maana "shaba ni shaba". Muuzaji mmoja Kariakoo ananiambia lazima kebo ya nje na kadi yake, na bei ni mara kadhaa ya ile. Nimsikilize nani?*

Nzuri, ndugu yangu. Msikilize muuzaji, ila usinunue kila atakachokuwekea mezani. Fundi wako naye hajakosea kuhusu shaba: ndani ya kebo ya SAS (mfumo wa kuunganisha diski za seva, ambao kadi yake hupokea pia diski za SATA kama zako), iwe ya ndani au ya nje, zinapita jozi zilezile za nyaya, zikibeba ishara ileile. Zinapotofautiana ni kwenye kinga iliyozunguka hizo jozi na kwenye kinachotokea pale makasha mawili, kila moja na pawa saplai yake, yanapofungwa pamoja kwa waya.

Kebo ya ndani imetengenezwa ikijua kwamba itaishi ndani ya boksi la bati. Bati la kasha ndilo linalozuia kelele za umeme zisiingie wala zisitoke, kwa hiyo mtengenezaji hakuona sababu ya kuifunika kebo nzima kwa wavu wa chuma. Plagi yake ni ya plastiki au ya bati jepesi lisilogusa mwili wa kasha. Kebo ya nje ina wavu wa chuma kutoka mwisho hadi mwisho, na plagi zake ni za chuma kinachobana kwenye ukingo wa tundu na kugusa mwili wa kasha pande zote mbili. Ukichomeka, jambo la kwanza kukutana ni chuma kwa chuma, na mwili wa kasha la kwanza unakuwa umeunganishwa na mwili wa kasha la pili. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda.

Kwa nini nalisisitiza hili kwa mtu wa Dar? Kwa sababu ya erthi. Umewahi kugusa kasha la kompyuta kwa mgongo wa mkono, ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya vigae, ukahisi kama linakutekenya? Si shoti. Pawa saplai karibu zote za kompyuta zina kapasita ndogo zinazounganisha nyaya mbili za umeme na mwili wa kasha, kwa ajili ya kuchuja kelele. Waya wa erthi ukiwa mzima, ule umeme mdogo unaovuja unakwenda ardhini kimya kimya. Waya wa erthi ukiwa haupo, mwili wa kasha unaelea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani, yaani kama 115 kwa umeme wetu wa 230. Mkondo ni mdogo sana, hauui mtu, ila kwa chipu inayosikiliza ishara za chini ya volti moja hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sasa chukua makasha yako mawili. La kwanza limechomekwa kwenye soketi ya ukutani yenye erthi nzuri. La pili liko kwenye ekstensheni ya bei ya chini, zile zinazopokea plagi ya aina yoyote, na ndani yake waya wa tatu haujaenda popote. Ukiyaunganisha kwa kebo ya ndani, njia pekee ya ule umeme wa kasha la pili kufika ardhini ni zile pini nyembamba za "graundi" zilizopo katikati ya pini za data. Kebo itafanya kazi. Diski zitaonekana. Halafu siku feni ya ukutani inawashwa, au jirani anaanza kuchomelea geti, diski moja inapotea kwenye orodha na kurudi, na wewe unaanza kulaumu diski. Kebo ya nje ingeupitisha umeme huo kwenye ganda lake la chuma, mbali na data. Hata hivyo haiponyi erthi mbovu. Inakupunguzia tu madhara.

Kwa hiyo kabla hujanunua kebo yoyote, mwite fundi umeme apime erthi ya chumba hicho kwa mita, afuate waya hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la juu ni pambo. Hilo likishakaa sawa, makasha yote mawili yachomekwe kwenye UPS moja (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika). UPS moja, si mbili. Faida ya kwanza ni kwamba yanashiriki erthi moja. Ya pili ni kwamba umeme ukikatika yanaishi pamoja na kufa pamoja. Ukiwa na UPS mbili na ile ya kasha la diski ikaishiwa betri kwanza, seva itajikuta imepokonywa diski kumi na mbili kwa mpigo katikati ya kuandika, na hakuna mfumo wa RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) unaofurahia hilo.

Turudi kwenye kebo zenyewe. Kariakoo utakutana na namba, na ni heri uzijue wewe kuliko kumtegemea anayeuza. SFF-8087 ni plagi ya ndani ya SAS ya gigabiti 6: pana, bapa, yenye klipu ya chuma unayoibonyeza ili itoke. Ndugu yake wa nje ni SFF-8088, plagi ya chuma yenye kitanzi au ulimi wa kuvuta. Kizazi kilichofuata, cha gigabiti 12, kina SFF-8643 kwa ndani na SFF-8644 kwa nje, zote ndogo zaidi na za mraba mraba. Zote nne zinabeba njia nne za data katika kebo moja. Ipo pia ya zamani ya nje, SFF-8470, inayofungwa kwa skurubu mbili za vidole. Ukiiona, iache dukani. Na kama siku moja utauziwa shelfu la diski la NetApp kama DS4246, ujue nyuma yake kuna matundu ya QSFP, yanayodai kebo yenye QSFP upande mmoja na SFF-8088 au 8644 upande wa pili.

Vizazi hivi vinaelewana. Kadi ya gigabiti 12 inaongea na ekspanda (bodi inayogawa njia za data kwa diski nyingi) ya gigabiti 6 bila tatizo kwa kebo ya SFF-8644 kwenda SFF-8088, na mwendo unakuwa wa yule wa polepole. Kwako wewe huyo wa polepole anatosha na kubaki. Njia nne za gigabiti 6 zinakupa takriban megabaiti 2,400 kwa sekunde. Diski kumi na mbili za kuzunguka, zote zikisoma kwa pamoja kwa megabaiti 200 kila moja, ndiyo kwanza zinaufikia mpaka huo. Na wahariri wako wanaifikia seva kwa mtandao. Kama ni wa gigabiti 1, wanapata kama megabaiti 110 tu kwa sekunde. Usikubali kuuziwa gigabiti 12 kwa hoja ya kasi. Ukiipata mtumba kwa bei ileile, chukua.

Sasa sehemu ambayo hata mafundi wazuri wanaikosea: urefu. Utasikia kwamba kebo ya SAS ya gigabiti 6 inaruhusiwa kufika mita 10, na ni kweli. Utasikia pia kwamba SATA mwisho wake ni mita 1, na hilo nalo ni kweli. Diski zako ni za SATA, zitachomekwa kwenye kadi ya SAS. Ni kipimo gani kinatumika?

Inategemea nani anaongea na nani kwenye waya husika. SATA hutuma ishara ya milivolti 400 hadi 600 hivi, wakati SAS inaweza kutuma 800 hadi 1,600. Kadi ya SAS ikigundua kwamba upande wa pili wa waya ipo diski ya SATA moja kwa moja, inashusha sauti na kuongea Kisata, na hapo mpaka wako ni ule wa mita 1, hata kama kebo uliyonunua imeandikwa SAS kwa herufi za dhahabu. Lakini ikiwa katikati kuna ekspanda, ile bodi yenye chipu inayogawa njia nne kwa diski nyingi, basi kati ya kadi na ekspanda wanaongea SAS kwa sauti kamili, na ujumbe wa SATA unasafiri ndani yake kama barua ndani ya bahasha. Ekspanda ndiyo inayobadilisha lugha, na kutoka hapo hadi kwenye diski pamebaki sentimita chache tu.

Piga hesabu ya mpango wa fundi wako. Tuseme sentimita 50 kutoka kwenye kadi hadi kwenye uwazi wa nyuma, sentimita 50 nyingine hadi kasha la pili kama yamekaa bega kwa bega, na 50 tena hadi kwenye diski. Mita moja na nusu, SATA tupu, kebo isiyo na kinga. Itawaka, maana vipimo hivi vina nafasi ya usalama ndani yake, na ndiyo maana mafundi wanaapa kwamba inafanya kazi. Itawaka na kukusumbua kidogo kidogo. Halafu tatizo la pili: bila ekspanda, diski kumi na mbili zinadai njia kumi na mbili, yaani kebo tatu za njia nne zinazoning'inia kati ya makasha. Ukiwa na ekspanda ni kebo moja.

Kwa hiyo fungua hilo kasha la pili leo uangalie ubao wa kuchomekea diski, upande wa nyuma. Ukikuta matundu kumi na mawili madogo ya SATA, ubao hauna ekspanda. Ukikuta matundu matatu ya SFF-8087, moja kwa kila diski nne, nao hauna. Ukikuta chipu moja kubwa imevaa kipozeo cha aluminiamu, na matundu machache ya SFF-8087 pembeni, karibu hakika ekspanda unayo tayari. Kama kasha ni Supermicro, soma maandishi ya ubao wenyewe: BPN-SAS2-826EL1 ina ekspanda ya gigabiti 6, BPN-SAS-826A na 826TQ hazina. Maandishi hayo yako kwenye bodi yenyewe, na yanaaminika kuliko stika ya nje ya kasha, ambayo huenda ilibandikwa kabla bodi haijabadilishwa.

Kama huna, nunua ekspanda ya kadi. Intel RES2SV240 naipendea jambo moja: inaweza kupata umeme kwa plagi ya pini nne ya kawaida ya pawa saplai, hivyo haihitaji mazabodi kwenye kasha la pili. Ekspanda ya HP iliyojaa sokoni ina tundu la nje la SFF-8088 tayari, ambalo ni jema, lakini umeme wake inautoa kwenye nafasi ya kadi ya mazabodi (PCIe), kwa hiyo itakubidi utafute bodi ya kuipa umeme tu. Tena diski za SATA inaziendesha kwa gigabiti 3. Kwa diski za kuzunguka hutaona tofauti.

Upande wa seva una njia mbili. Kadi za SAS za LSI zina herufi mwishoni inayosema kila kitu: 9211-8i ni njia nane za ndani, 9207-8e ni njia nane za nje, na 9300-8e ni za nje pia ila kwa gigabiti 12. Kama hujanunua kadi, nunua ya "e" umalize mambo. Kama tayari unayo ya "i" yenye tundu lililobaki wazi, ipo adapta ya bati inayofungwa kwenye nafasi ya kadi nyuma ya kasha: ndani inapokea SFF-8087, nje inatoa SFF-8088. Haina chipu yoyote, inapitisha waya tu, na bati lake linagusa mwili wa kasha, ambalo ndilo tunalolitaka. Adapta kama hiyo ndiyo utakayoifunga nyuma ya kasha la pili pia, kisha kebo fupi ya ndani hadi kwenye ekspanda. Kila plagi unayoongeza njiani inakula ishara kidogo. Kwa SAS hadi ekspanda hatujali, kwa SATA ya moja kwa moja ningejali sana.

Jambo moja la adapta hizi linawachanganya watu. SFF-8087 ina pini 36, SFF-8088 ina 26. Kati ya hizo zilizopungua zimo zile za kuwasha taa za diski. Kwa ubao usio na ekspanda, taa inayokuonyesha diski ipi imekufa inaweza kunyamaza ukishapitia kebo ya nje. Ekspanda inatuma habari hizo ndani ya njia ya data yenyewe, haihitaji pini za pembeni. Kwa vyovyote vile, andika namba ya utambulisho (serial number) ya kila diski kwenye karatasi ya gundi na uibandike mbele ya trei yake. Kuchomoa diski nzima badala ya iliyokufa ni msiba unaojitakia.

Fundi wako akikuletea kebo ya SFF-8087 yenye mikia minne ya SATA, muulize swali moja: ni ya kwenda au ya kurudi? Zinafanana kama mapacha. Ya kwenda inatoka kwenye kadi ya SAS na kuishia kwenye diski nne. Ya kurudi inaanzia kwenye matundu manne ya SATA ya mazabodi na kuishia kwenye ubao wenye SFF-8087. Ndani nyaya zimepangwa tofauti, na ukiweka isiyo yake hakuna kinachoungua, ila hakuna diski itakayoonekana, na mtahangaika mchana kutwa mkibadilisha pawa saplai isiyo na kosa.

Kuhusu eSATA, ambayo huenda mtu atakutajia: inaruhusiwa mita 2, ina kinga, na plagi yake imekadiriwa kuchomekwa mara 5,000 wakati ya SATA ya ndani ni mara 50. Ni kitu kizuri cha wakati wake kwa diski moja moja. Kwa diski kumi na mbili, hapana. Boksi za USB nazo ni nzuri kwa kubebea nakala nje ya ofisi, na unapaswa kuwa nayo moja, lakini sitaki RAID yako ya kazi ikae juu ya chipu ya kutafsiri USB.

Pawa saplai ya kasha la pili haitawaka yenyewe bila mazabodi. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 kuna waya wa kijani, pini ya 16. Ukiunganishwa na waya mweusi wowote, pawa saplai inaamka. Usitumie kibanio cha karatasi kilichonyooshwa kama nilivyoona kwenye ofisi moja, kikitikisika kila mlango unapofungwa. Ziko plagi ndogo za kazi hiyo, au fundi atengeneze swichi ya kweli. Washa kasha la diski kwanza, subiri diski zizunguke, ndipo uwashe seva. Kuzima ni kinyume. Na kebo ya nje ichomekwe makasha yote mawili yakiwa yamezimwa lakini yamechomekwa kwenye soketi, ili erthi iwepo mkono wako unapogusa.

Kadi yenyewe nayo inachemka. Zimetengenezwa kwa seva za kwenye rafu zenye feni zinazopuliza kama kimbunga, na kwenye kasha la kusimama, Sinza, mwezi wa Februari, kipozeo chake kitakuunguza kidole. Funga feni ndogo ielekee kwake. Kadi iliyochemka inatoa makosa yanayofanana kabisa na ya kebo mbovu.

Usikunje kebo ya ndani iliyo bapa kwa pembe kali ili kasha lifunge. Ipinde kwa duara. Kebo ya nje nunua ya mita 1, au 2 kama makasha hayatakaa pamoja. Ya mita 5 itakuwa inalala sakafuni ikikanyagwa. Mtumba si tatizo. Kagua tu kwamba klipu inabana, na kwamba midomo ya dhahabu haina ukungu wa kijani, ambao hewa yetu ya chumvi inautengeneza haraka kwenye vitu vilivyokaa stoo bila mfuko.

Ukishaunganisha, usihamishe harusi ya mtu yeyote kwanza. Weka diski tupu, zisome na kuziandika usiku kucha, kisha fungua taarifa za SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea) za kila moja kwa programu ya smartctl na utafute namba 199, ile inayohesabu makosa ya CRC. Hiyo inapanda pale data inapoharibika njiani kati ya diski na anayeongea nayo moja kwa moja. Iandike, endesha tena usiku wa pili, linganisha. Idadi ya zamani haifutiki, hivyo diski ya mtumba kuwa na makosa 40 si neno kama asubuhi bado ni 40. Ikipanda kwenye diski moja tu, angalia nafasi yake kwenye ubao au mkia wake wa SATA. Kwa ile kebo kubwa ya kati ya makasha, 199 haitakuonyesha kitu kama una ekspanda. Hapo soma kumbukumbu za mfumo, na ukiona diski zote kumi na mbili zinapotea na kurudi kwa pamoja, zima, badilisha kebo ya nje, kisha mrudishe fundi umeme na mita yake kabla hujanunua diski hata moja.